Mke wa Muunguza-Ugali

Norina alikuja Roncadel, kijiji chetu cha milimani Italia, akidhani anaolewa na mtu mmoja mwenye jina moja. Tita, mchumba wake, alikuwa amemwambia kwamba kwao wanaitwa Pradel, na yeye, msichana wa bondeni, akaona ni jina zuri, fupi, lisilo na makuu. Lile la pili Tita hakulitaja. Hakuwa mwongo, ila alikuwa na tabia ya kuacha mambo mengine yajieleze yenyewe. Likajieleza siku ya harusi. Maharusi walipotoka kanisani walikuta kijiji kizima kimejipanga mlangoni, kila mtu na mwiko mkononi, wakaanza kugonga mwiko kwa mwiko na kuimba kwamba Brusapolenta kapata mke, sasa tuone kama ugali utapona.

Brusapolenta ni Muunguza-ugali. Ndiyo, ugali huu huu wa mahindi ya njano tunaousonga kwenye chungu cha shaba kinachoning'inia juu ya moto, halafu tukaumwaga ubaoni. Norina alisimama pale na shada lake la maua, uso umemwiva, akamuuliza mumewe kwa sauti ya chini ni nani huyo anayeimbwa. Tita akamjibu akitabasamu masikio kwa masikio, "Sisi."

Mtu wa mjini akisikia habari za majina yetu hucheka. Acheke tu, yeye ana jina lake peke yake na hajui raha wala taabu ya kuligawana. Roncadel wote ni Pradel. Inasemekana ndugu watatu walikuja na mbuzi zao zamani sana, watawa wakawapa kijimbuga kidogo chini ya jabali wachungie, kwa sharti la kupeleka jibini kila mwaka sikukuu ya Mtakatifu Martino. Kijimbuga chenyewe kiliitwa Pradel, basi kila aliyetoka pale akaitwa wa Pradel. Baadaye mapadri wakaanza kuandika vitabu vya ubatizo, wakaandika walichokisikia, na jina likaganda. Kijimbuga hakipo tena. Mlima uliporomoka ukakifunika, na wapo wazee wawili waliokufa bila kusemeshana kwa sababu kila mmoja alikuwa na mahali pake anapoapa kwamba ndipo kilipokuwa.

Sasa chukua kijiji kizima cha akina Pradel, halafu uongeze kwamba msimamizi wa parokia ni Yohane Mbatizaji, kwa hiyo kila kifungua mimba wa kiume anaitwa Giovanni Battista, jina lile lile kwa Kiitaliano, na kwa kifupi Tita. Ndiyo maana tuna majina ya nyumba. Kuna akina Campanel, ambao babu yao alikuwa mpiga kengele. Kuna akina Vunja-sahani, kuna Wabubu ambao wanapiga domo kuliko watu wote, na kuna akina Brusapolenta. Jina la nyumba hukulichagua wala hukulikataa. Lilikuwa mlangoni kabla hujazaliwa.

Tita alipochukuliwa jeshini, sajini mmoja mtu wa kusini alisoma orodha, akaita "Pradel Giovanni Battista!" Wanne wakaitika kwa mpigo, "Nipo!" Sajini akadhani anachezewa shere, akawapeleka wote wanne kusafisha vyoo, na kesho yake ikawa hivyo hivyo. Mwishowe koplo mmoja wa kijiji jirani akamnong'oneza, na kuanzia siku hiyo jeshi la mfalme wa Italia likawa linaita Brusapolenta kwenye gwaride, mbele ya majenerali. Tita aliisimulia hadithi hiyo maisha yake yote, na kila mara sajini alizidi kuwa mwekundu.

Kuhusu asili ya jina lenyewe, alikuwa na masimulizi matatu. La kwanza, babu wa babu yake aliuacha ugali motoni akabishana na padri juu ya mvua. La pili, alikuwa amemfuata ng'ombe. La tatu, alikuwa amelala. Mtu akimuuliza lipi la kweli, Tita hujibu kwamba yeye anapenda la kulala. "Pradel ni wa serikali," alizoea kusema. "Serikali ikitaka kodi au ikitaka vita, inamtafuta Pradel. Brusapolenta ndiye mimi."

Lakini Norina hakucheka. Wanawake pale kisimani walimuuliza kila asubuhi kama ameshajifunza kuunguza, na mama mkwe, badala ya kumtetea, naye alicheka mpaka ndoo ikamwagika. Norina akaapa moyoni. Alisonga ugali bila kuondoka motoni, bila kugeuka, hata mlango ukigongwa, hata ng'ombe akizaa. Sungura waliiba kabichi mbele ya macho yake, hakutikisika. Na kweli, kwa miaka arobaini na ushee hakuunguza hata mara moja. Ugali wake ulitoka ubaoni laini, unang'aa, mpaka ikawa yeye ndiye anayesimamia chungu kikubwa sikukuu ya kijiji, na watu wa vijiji vingine wanakuja kuonja. Mnajua watu walisema nini? Walisema, "Ajabu, Brusapolenta hajaunguza." Angefanya nini zaidi, maskini?

Hawakujaliwa watoto. Jina lile la jikoni lingekwisha nao, na Norina hakuficha kwamba hilo lilimfurahisha kidogo. Tita yeye alihuzunika, lakini kimyakimya, kwa sababu hakupenda kumuumiza.

Maana walipendana, hilo lisikupite. Walizozana juu ya jina tu. Tita alikuwa mrefu kuliko wanaume wote wa Roncadel, na kwetu, mtu akifa, kila nyumba hutoa mtu mmoja wa kumsindikiza. Nyumba isiyotoa mtu imetukana. Tita aliwabeba wote. Pembe ya mbele kushoto ya jeneza ilikuwa yake, hakuna aliyemwuliza. Akirudi nyumbani bega limevimba, kwa sababu wenzake wafupi walimwachia uzito wote, Norina alimsugua kwa pombe kali akimgombeza kwamba anajifanya punda wa kijiji. Siku moja Tita alimuuliza, shati likiwa bado limeshushwa begani, "Sasa mimi atanibeba nani? Wote mbilikimo."

"Watapanda viti," Norina akamjibu, wakacheka wote wawili.

Ilikuwa majira ya baridi ya mwaka ule theluji ilipokata nyaya za simu. Tita alishuka mjini kufanyiwa upasuaji wa ngiri, kitu kidogo, daktari alisema wiki moja atakuwa nyumbani. Wala hakumuaga mtu. Hospitali ile ile alikuwa amelazwa Giovanni Battista mwingine, yule wa Campanel, wa rika lake, aliyekuwa anaumwa mapafu tangu vuli na ambaye kijiji kizima kilikuwa kinasubiri habari zake. Tita alipasuliwa salama, akala supu, akamtania muuguzi, na alfajiri moyo wake ukasimama.

Norina alikuwa amefikia kwa binamu yake karibu na hospitali. Hakulia. Alifanya yale yanayofanywa: akavalisha maiti, akapata gari, kisha akaenda kwa mpiga chapa kuagiza matangazo ya msiba yale tunayobandika ukutani. Jina, umri, siku ya mazishi, kwamba mkewe aliyefiwa anawaarifu. Mpiga chapa, mtu wa bonde letu, aliandika, kisha akainua kalamu na kuuliza jina la nyumba.

"Hakuna," Norina akasema.

Yule bwana akamtazama. Akasema taratibu kwamba mama, huko kwenu juu, bila jina la nyumba...

"Andika Pradel. Angalau siku hii moja mume wangu awe mtu kama watu wengine."

Akaandika Pradel. Matangazo yakapanda na dereva wa basi, pamoja na ujumbe kwa padri, ambaye alikuwa mgeni, amefika msimu wa mavuno uliopita tu. Mtunza kanisa akabandika kisimani, kwenye kilabu na mlangoni pa kanisa: Giovanni Battista Pradel, miaka sabini na sita, mazishi Ijumaa. Watu wakasoma, wakavua kofia. Maskini Campanel, wakasema, amepumzika. Hata mkewe aliamini kwamba hospitali ndiyo iliyoagiza tangazo na kwamba jeneza liko njiani.

Jeneza lilifika Alhamisi mchana. Nyumba ya Norina iko ng'ambo ya daraja, upande wa barabara ya bondeni, na majirani wao pekee walikuwa wamekwenda Uswisi kufanya kazi, kwa hiyo gari la hospitali halikupita kijijini wala halikuonwa na mtu. Vijana wawili wa mjini wakaliweka jeneza juu ya meza sebuleni, wakampa Norina pole, wakakimbilia kushuka kabla theluji haijafunga njia.

Yeye akaanza kujiandaa. Rozari husaliwa nyumbani kwa marehemu jioni ya kuamkia mazishi, na watu wakisali hula kitu. Akapanga mabenchi, akaleta magogo ya kukalia, akabandika maharage, na saa ilipokaribia akatundika chungu kikubwa cha shaba na kuanza kumwaga unga. Alisonga akizungumza na Tita kwa mlango ulio wazi. Alimwambia kwamba atawaona wote leo, kwamba Wabubu watakuja na makelele yao, na kwamba safari hii yeye atulie, wengine wabebe.

Hakuna aliyekuja.

Kwanza alisingizia theluji. Kisha akasingizia njia. Kengele ya rozari ikalia, ikanyamaza, mabenchi matupu. Alihesabu nyumba moja moja kichwani na maiti waliotoka humo, na kila jeneza alikumbuka bega la Tita likiwa chini yake. Huyu alimbeba kwenye mvua, yule alimbeba akiwa na homa. Na leo hata mtu wa kuja kusema amina! Alimgeukia mumewe, akamwambia kwa hasira inayotetemeka, "Unaona? Unaona watu wako?" Ndipo machozi yakamtoka, ya kwanza tangu alfajiri ile, na alilia akiwa amesimama, mwiko mkononi, anasonga.

Ni alipokwenda dirishani kufuta uso ndipo alipoziona taa. Ng'ambo ya mto, msururu mzima wa taa ulikuwa unapanda njia ya nyumba ya akina Campanel. Na upepo ulipogeuka, akasikia mwanamke analia. Akaijua sauti. Ilikuwa ya Gemma, mke wa Campanel.

Norina alielewa mara moja, kama mtu aliyemwagiwa maji ya baridi. Gemma alikuwa anamlilia mume ambaye yuko hai. Jana yake tu Norina alimwona kwa macho yake wodini, amekaa kitandani, ananung'unika kwamba mchuzi hauna chumvi. Na Gemma anagaagaa kwa sababu ya karatasi aliyoiagiza yeye, Norina, kwa kiburi chake mwenyewe.

Akajitupia mtandio, akatoka. Hakuondoa chungu motoni, hakupunguza kuni, hakufunga hata mlango. Daraja lilikuwa na barafu, akalivuka ameshika ukingo kwa mikono miwili, mwanamke wa miaka sabini, akapanda njia ile ya Campanel akitweta.

Nyumba ilikuwa imejaa mpaka kizingitini. Walipomwona walimpisha kwa heshima, kwa kuwa walidhani amekuja kutoa pole, na mmoja alimshika mkono akamwambia asante kwa kuja katika theluji hii. Gemma alikuwa kwenye kiti karibu na jiko, amejifunika shali nyeusi, amezungukwa na wanawake. Kabla Norina hajafungua mdomo, mzee Ermes wa Vunja-sahani, ambaye kwetu ndiye hupanga wabebaji, alimwita kutoka kona ya chumba.

"Norina! Afadhali umekuja. Tita yuko wapi? Mwambie kesho awahi, pembe ya mbele hatuna mtu."

Chumba kizima kilimgeukia kikisubiri. Labda alitafuta namna nyingine ya kulisema. Haikuwepo. Angesema Tita, Tita ni wangapi humu ndani? Angesema Pradel, wote Pradel.

"Gemma, mdogo wangu, nyamaza," akasema. "Mumeo mzima. Jana nilimwona, anagombana na mchuzi. Aliyekufa ni Brusapolenta."

Gemma akainua uso.

"Brusapolenta wangu," Norina akarudia. "Yuko nyumbani kwangu, mezani, peke yake. Mimi ndiye niliyekataa jina lake liandikwe. Nisameheni. Njooni mumsalie, jamani, tangu mchana yuko peke yake."

Ermes aliketi chini pale pale, kwenye sanduku la kuni, akafunika uso kwa kofia. Gemma alisimama. Wengine waliogopa atampiga, na nani angemlaumu? Alimwendea Norina, akacheka na kulia kwa wakati mmoja, kilio ambacho huwezi kukitenga na kicheko, kisha akaivua ile shali nyeusi mabegani mwake na kumfunika nayo Norina, akaifunga vizuri kifuani, namna unavyomfunga mtoto asipate baridi. "Twende kwa Tita," akasema, akamshika mkono.

Wakashuka wote. Taa zote zile zilizopanda zikashuka, zikavuka daraja moja baada ya nyingine, padri mgeni nyuma kabisa anateleza na kuomba radhi. Walipokaribia nyumba, wa mbele wakasimama wakanusa. Wa nyuma nao wakanusa. Moshi ulikuwa unatoka mlangoni.

Norina akajipiga paji la uso. Aliingia mbio, akakuta chungu kinafuka, ugali umekuwa mweusi chini na pembeni umekauka kama gamba la mti, na harufu imeenea nyumba nzima mpaka sebuleni alikolala marehemu. Miaka arobaini na ushee! Alisimama mbele ya chungu chake, na watu wakaingia mmoja mmoja nyuma yake, wakajipanga ukutani wakitazama viatu.

Ni Ermes tena aliyesema, macho bado mekundu. Alivua kofia, akavuta hewa puani, akatikisa kichwa pole pole.

"Basi hatujapotea nyumba."

Norina aligeuka. Alimtazama Ermes, akamtazama Gemma, akatazama jeneza kwa mlango ulio wazi, na kicheko kikamtoka tumboni, kikubwa, cha msichana. Alicheka mpaka akashika ukingo wa meza asianguke. Watu nao wakashindwa kujizuia. Padri alitoa macho. Hajawahi kuona rozari inayoanza hivyo. Lakini ilisaliwa, na kwa sauti, na baadaye wakaukwangua ugali ule wakaula na maharage, ile sehemu nyeusi wakiigombea, kila mtu akitaka kipande cha kumkumbukia Tita. Masimulizi matatu ya asili ya jina yakasimuliwa yote, na ni Norina aliyelisimulia lile la kulala.

Asubuhi, kabla ya kengele, alichukua kipande cha mkaa kutoka jikoni kwake akazunguka kijiji. Kisimani, kwenye kilabu, mlangoni pa kanisa, chini ya Pradel ile ya chapa safi, aliandika kwa mkono wake Brusapolenta. Tukamzika Tita. Ermes na wenzake walimbeba kama walivyoweza, jeneza limeinama mbele, mmoja anatembea kwa vidole vya miguu ili kulisawazisha. Norina aliyekuwa anafuata nyuma ameshikwa mkono na Gemma alinong'ona, "Nilimwambia viti," na Gemma peke yake ndiye aliyemsikia.

Campanel alirudi nyumbani Pasaka, akaishi miaka mingine mingi, na tangazo lile alilibandika jikoni kwake awaonyeshe wageni jinsi alivyoliliwa.

Theluji ilipoyeyuka, fundi wa mawe akaja kwa Norina kuuliza achonge nini juu ya kaburi. Alimkuta anasonga ugali. Norina aliutoa mwiko chunguni, akauweka kando, akaja mlangoni kuzungumza naye na kuuacha moto uwake.

"Chonga Brusapolenta," akamwambia. "Kwa herufi kubwa, lionekane kutoka darajani. Na chini uache nafasi yangu. Halafu mahali pakibaki, weka na lile la serikali."

Palibaki, lakini padogo.